Bei ya Kugeuka: Kinachokosekana Katika Mjadala wa Mikondo ya Masomo

Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa Kenya waliosoma kwa Mtaala wa Umilisi, ule ambao wengi wanaujua kwa jina la CBC, liliingia Gredi ya 10. Kabla ya kuvuka lango la shule mpya, kila mtoto alikuwa tayari yumo katika mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, maarufu kama STEM, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wengi wao walichagua wakiwa na miaka kama 14 au 15. Huku kwetu Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imekuja na jambo la aina hiyohiyo: anayeingia sekondari anaelekezwa ama mkondo wa jumla ama mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Nao wanaotoka kidato cha nne kwenda cha tano wamekuta orodha ya tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo, iliyopanuliwa mwaka 2024 kutoka 16 hadi 65. Katika nchi zote mbili ugomvi umekuwa mmoja, redioni, misikitini, kwenye vikao vya wazazi: mtoto wa umri huo atajuaje anachokitaka?

Nadhani ugomvi huu umekosa shabaha. Hakuna umri ambao mtu anajua maisha yake yatamfikisha wapi. Wa miaka 14 hajui, wa 18 hajui, na ukimwuliza mtu wa miaka 40 amefikaje alipo, akikujibu kwa ukweli atakutajia mtu aliyekutana naye bila kutegemea, barua iliyochelewa, ugonjwa wa mzazi, nafasi aliyonyimwa. Kazi za watu hugeuzwa mno na matukio ambayo hakuna aliyeyapanga. Kama hivyo ndivyo, swali la sera haliwezi kuwa jinsi ya kumsaidia mtoto abashiri vizuri. Swali ni hili: siku maisha yatakapomgeuza, atalipa nini? Hiyo naiita bei ya kugeuka. Mfumo wa elimu unaoweka bei hiyo juu unaumiza watu hata kama washauri wake wa taaluma ni hodari, na unaoiweka chini huwaokoa wengi hata kama ulianza kuwagawa mapema.

Tuanze na Wangari Maathai, kwa sababu maisha yake tunayasimulia vibaya. Kwenye hotuba anatajwa kama mwanamke aliyeipenda miti, akaipigania, akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Simulizi hiyo imenyooka kuliko maisha yenyewe. Alizaliwa mwaka 1940 Ihithe, Nyeri, mahali na wakati ambapo wasichana wengi hawakupelekwa shule. Yeye alipelekwa kwa sababu kaka yake Nderitu alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao, na mama akaona hakuna sababu ya kumzuia. Alimaliza sekondari Loreto, Limuru, mwishoni mwa 1959. Wakati huo Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na mwanasiasa wa Kenya, alikuwa akizunguka Marekani kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya, na Septemba ya mwaka huo ndege ya kwanza ilikuwa imeshawabeba wanafunzi 81. Mwaka uliofuata nafasi za vyuo zilipatikana lakini nauli ikakosekana, na serikali ya Marekani ilikataa kuilipa. Julai 1960 Mboya akaenda kumwona Seneta John Kennedy, ambaye alikuwa akigombea urais na alizihitaji kura za Wamarekani weusi. Mfuko wa familia ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Watu wa mpinzani wake, Nixon, waliposikia, Wizara ya Mambo ya Nje iliyokuwa imekataa nayo ikasema ina fedha. Basi binti wa Ihithe alipanda ndege Septemba 1960 akaenda kusoma baiolojia kwa masista Wabenedikti huko Atchison, Kansas, na miongoni mwa sababu za safari ile ni kwamba mwaka huo Wamarekani walikuwa na uchaguzi wenye ushindani mkali.

Halafu sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Alichukua shahada ya uzamili Pittsburgh, akifanya utafiti juu ya tezi moja ndogo ya ubongo wa kware, kazi iliyomfundisha kukata tishu nyembamba na kuziandaa kwa darubini. Akapewa barua ya kazi ya msaidizi wa utafiti katika idara ya zuolojia, Nairobi. Januari 1966 alifika na barua yake mkononi, akaambiwa nafasi ameshapewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini kwamba aliikosa kwa sababu ya jinsia yake na kabila lake. Akabaki miezi kadhaa bila kazi. Kisha akakutana na Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Chuo Kikuu cha Giessen aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo, ambaye alihitaji mtu anayejua kuandaa tishu. Kilichokuwa kimejifunzwa kwa ubongo wa kware kikafaa kwa ng'ombe. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Na kwa kuwa sasa alikuwa mtu wa mifugo, aliingia kwenye utafiti wa kupe wanaoeneza ndigana kali. Kupe hao hupenda kukaa masikioni mwa ng'ombe. Huwezi kuwapata ukiwa umekaa ofisini. Kuwatafuta kulimtoa maabara kukampeleka vijijini, na huko akaona ng'ombe ambao mbavu zao zinahesabika, mito iliyobadilika rangi kwa udongo uliochukuliwa na mvua, na watoto wenye utapiamlo katika sehemu alizozikumbuka kuwa na rutuba. Alikwenda kutafuta kupe akarudi na swali la miti. Juni 1977 akapanda miche saba pale Kamukunji, Nairobi, na vuguvugu la upandaji miti la Green Belt likaanza.

Angeipata ile kazi ya zuolojia, huenda angekuwa profesa mzuri wa zuolojia. Hatuwezi kujua zaidi ya hapo, na sitaki kujifanya najua. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna mshauri wa taaluma, mwaka 1954 au 1959, ambaye angemkalisha msichana yule chini amchoree njia inayopita kwa kware, kupe na Kamukunji. Kilichombeba katika kila kona ni vitu viwili. Cha kwanza ni ujuzi unaohamishika: mikono iliyozoea kazi ya maabara, lugha, uwezo wa kusoma jambo jipya na kulielewa. Cha pili ni kwamba kila alipofungiwa mlango, mahali fulani palikuwa na mwingine ambao haukuuliza kwa nini hakuja moja kwa moja. Hofmann hakumwambia arudi kusoma udaktari wa mifugo tangu mwaka wa kwanza.

Hapa lazima niseme jambo ambalo waandishi wa makala za kutia moyo huliruka. Kunyimwa kazi ile ilikuwa dhuluma, na haigeuki kuwa baraka kwa sababu tu aliyedhulumiwa alisimama. Wapo wasomi wengine wa miaka ile waliofika na barua zao wakaambiwa vivyo hivyo, wakarudi nyumbani, na hakuna Mjerumani aliyekuwa akianzisha idara. Hatuyajui majina yao. Ukilisifu tukio lililomkwaza Maathai, unawatukana hao.

Mfano wa pili ni mfupi lakini unaongeza kitu. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 akiwa na miaka 18, Paris mwaka 2003. Akapata shaba ya Olimpiki 2004 na fedha 2008. Mwaka 2012, akiwa na miaka 27, alishindwa kupata nafasi katika timu ya Kenya iliyokwenda London. Wengi wangehesabu kwamba amekwisha. Akatoka uwanjani akaingia barabarani, akashinda marathoni yake ya kwanza Hamburg Aprili 2013, na yaliyofuata hata watoto wanayajua: dhahabu mbili za Olimpiki na saa 2:01:09 kule Berlin mwaka 2022. Tazama jinsi kugeuka kwake kulivyokuwa rahisi. Mkimbiaji wa uwanjani hahitaji cheti kipya ili aanze kukimbia barabarani. Mapafu ni yaleyale, kocha ni yuleyule, na mashindano yako wazi. Bei ilikuwa ndogo, kwa hiyo kushindwa kwa 2012 kukawa kona tu ya njia.

Lakini rudi nyuma zaidi. Kocha yule, Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1992 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, alikuwa mtu wa kijiji kimoja na Kipchoge kule Nandi. Kijana alimfuata akaomba programu ya mazoezi, akapewa, akaifuata, akarudi kuomba nyingine. Kuomba na kufuata ni juhudi yake, hakuna wa kumnyang'anya. Kuzaliwa jirani na Sang si juhudi ya mtu. Mtoto mwenye mapafu kama yale aliyezaliwa Lindi au Lodwar hakuwa na mlango wa Sang wa kugonga. Ndiyo maana nasema bahati ina makazi. Inaelekea kupiga hodi zaidi mahali penye watu, vifaa na mashindano, na hilo ni jambo ambalo serikali inaweza kulibadilisha.

Hata katika soka letu. Mbwana Samatta alikuwa kijana wa Simba mwaka 2011 pale droo ya Ligi ya Mabingwa Afrika ilipowakutanisha na TP Mazembe ya Lubumbashi. Mazembe walimwona kwenye mechi hizo wakamchukua, pamoja na Mganda Patrick Ochan. Kutoka Lubumbashi akafika Genk Januari 2016, na Aston Villa Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Magoli alifunga yeye. Jina la mpinzani lilitoka kwenye droo.

Sasa nije kwa wanaopinga mtazamo huu. Dhaifu kuliko wote ni wale wanaosema bahati haipo, kuna juhudi tu. Wahenga walisema bahati ni chudi, yaani juhudi, na wahamasishaji wa siku hizi wameibeba kauli hiyo hadi kwenye kumbi za hoteli wakiiuza kwa viingilio. Wanamsimamisha aliyefanikiwa, anasimulia alivyoamka saa kumi usiku kila siku, ukumbi unapiga makofi. Hakuna anayemwalika aliyeamka saa hiyohiyo kwa miaka hiyohiyo na bado hana kitu. Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani, alipata mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, serikali ikamlipa shilingi bilioni 7.7, Agosti akapata la tatu, la kilo 6.3. Laizer alifanya kazi, hilo halina ubishi. Lakini muulize mwanaapolo yeyote anayeshuka shimoni kwa kamba na tochi kichwani, anayekula vumbi la baruti mwaka hadi mwaka katika vilima vilevile, kama tatizo lake ni uvivu. Jiwe halijui nani kaamka mapema. Ukisema juhudi peke yake ndiyo iliyompa Laizer mawe yale, unasema bila kutamka kwamba maelfu waliobaki chini hawakujituma.

Ushahidi wa kitaalamu nao unawakatalia. Wachumi Philip Oreopoulos, Till von Wachter na Andrew Heisz walichapisha mwaka 2012 utafiti wa wahitimu wa vyuo vikuu vya Kanada uliofuatilia mapato yao kwa miaka mingi. Waligundua kwamba anayehitimu mwaka ambao uchumi umeshuka huanza na mapato ya chini kwa takriban asilimia 9 kuliko angehitimu mwaka wa kawaida, na pengo hilo huchukua kama miaka kumi kuisha. Hakuna anayechagua mwaka wa kuzaliwa. Wawili wanaweza kusoma chuo kimoja na kupata alama zilezile, lakini mmoja akavaa joho mwaka mbaya na mwingine mwaka mzuri, na muongo mzima wa maisha yao ukatofautiana. Waliohitimu hapa kwetu mwaka 2020, hoteli za utalii zikiwa zimefungwa na ndege hazitui, hawahitaji kusomewa utafiti huo.

Kuna wanaovuta upande wa pili wakasema yote yamekwishaandikwa, mja hana lake. Siingii katika imani ya mtu. Nitasema tu kwamba riziki kama ajali, huitambui ijapo, na kwa kuwa huitambui, unalazimika kuacha mlango wazi. Anayeamini katika majaaliwa bado anafunga mkanda ndani ya basi. Vivyo hivyo serikali inayoamini lolote juu ya majaaliwa bado ina wajibu wa kuweka njia za kurudi shule.

Hoja nzito iko kwingine, na nataka kuipa haki yake. Wanaotetea mikondo ya mapema wanasema umahiri hauji kwa kuonja kila kitu. Fundi wa kuchomelea anahitaji miaka ya mikono. Daktari anahitaji fizikia na kemia mfululizo, si kwa kudonoa. Shule zetu hazina maabara wala walimu wa kutosha kumfundisha kila mtoto kila somo kwa kina, hivyo kuwagawa ni namna ya kutumia kidogo tulicho nacho. Serikali ya Kenya imesema inatarajia takriban asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, na lengo kama hilo haliwezi kufikiwa bila kupanga vyumba, vifaa na walimu mapema. Mkondo wa amali wa Tanzania nao una wazo jema ndani yake: kwamba kijana anayemaliza kidato cha nne asirudi nyumbani na cheti kisichomfundisha kazi yoyote. Kwa miaka mingi tumewafundisha watoto wetu kama kwamba wote watakuwa maofisa, halafu tukawashangaa walipokaa vijiweni. Sioni ubaya wa kuanza mapema.

Wanaopinga, wanaotaka mgawanyo ucheleweshwe, nao hawajakosea walichokiona, wamekosea dawa. Kuahirisha hadi miaka 18 kunaahirisha tu ubashiri. Sisi tumekuwa na tahasusi za kidato cha tano kwa miongo, kwa vijana wa miaka 17 na 18, na bado nchi imejaa wahasibu waliosoma CBG (kemia, baiolojia na jiografia) na walimu wa kiswahili waliotaka kuwa marubani.

Kinachoamua, narudia, ni kinachofuata baada ya mgawanyo. Ujerumani huwagawa watoto mapema kuliko karibu nchi zote: katika majimbo mengi wanagawanywa wakiwa na miaka 10. Mwaka 2017 watafiti Christian Dustmann, Patrick Puhani na Uta Schönberg walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto waliokuwa ukingoni, wale ambao tarehe ya kuzaliwa pekee iliwasukuma kwenye shule ya ngazi ya juu au ya chini. Bahati tupu ya kalenda. Ungetarajia kwamba tarehe hiyo ingewafuata maisha yao yote. Watafiti hawakuona tofauti katika mishahara wala ajira zao walipokuwa watu wazima. Maelezo yao ni kwamba mfumo ule una madaraja ya kupandia na kushukia njiani: aliyewekwa chini akiwa na miaka 10 anaweza kuhamia juu baadaye, na wengi huhamia. Mgawanyo ulikuwa wa mapema, lakini kugeuka hakukuwa ghali.

Uingereza inatupa upande wa pili wa jambo hilohilo. England humtaka mwanafunzi achague fani yake kabla ya kuingia chuo kikuu. Scotland humwacha aonje masomo kadhaa mwanzoni mwa chuo ndipo achague. Mchumi Ofer Malamud aliwalinganisha wahitimu wa pande hizo mbili akakuta kwamba wa England ndio wanaohamia zaidi kazi zisizohusiana na walichokisomea. Waliochagua mapema hawakuishia kuwa waaminifu zaidi kwa uchaguzi wao. Waligeuka tu, kama binadamu wanavyogeuka, ila waligeuka baada ya kuwa wameshalipia miaka ya fani waliyoiacha.

Tukijipima kwa kipimo hicho, sisi tuko wapi? Msimu mmoja wa kubadilisha tahasusi niliketi kwenye stesheneri moja nikisubiri kutoa kopi. Kijana alikuwa mbele yangu na dada yake, amefungua mfumo wa uchaguzi wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, kwenye kompyuta ya duka. Mtandao ulikuwa unakatikakatika. Mwenye duka, ambaye kazi yake ni kuchapa na kulamineti, ndiye aliyekuwa akimshauri: "Weka hii, mdogo wangu, hii ina mkopo." Dada akauliza tahasusi hiyo inasomwa wapi. Mwenye duka akasema wataona mbele. Wakabonyeza. Simlaumu mwenye duka. Alikuwa mtu pekee mle ndani aliyejaribu kujibu. Ila mbofyo ule, kwa jinsi tulivyojenga mambo yetu, unaweza kuamua ni kozi zipi za chuo kijana yule ataruhusiwa hata kuziomba.

Na akitaka kurudi? Mtahiniwa wa kujitegemea anaruhusiwa kurisiti, ndiyo, na mlango huo umewaokoa wengi. Lakini analipa ada mwenyewe, anatafuta kituo mwenyewe, na masomo ya sayansi yanataka mazoezi ya vitendo ambayo vituo vingi vya mtaani havina. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa miongozo ya miaka ya karibuni, imekuwa ikitaka mwombaji asizidi miaka 35 na awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Fikiria maana yake. Binti anamaliza kidato cha sita na alama nzuri, mama anapooza, yeye ndiye mkubwa. Anamuuguza, anawasomesha wadogo zake, miaka inapita. Anapokuwa huru, muda wake wa mkopo umeshapita. Hakufanya kosa lolote. Alifanya kile ambacho jamii yetu nzima ingemsifia msibani, na mfumo umemhesabu kuwa amechelewa.

Wala tusisahau mlango uliokuwa umefungwa kwa misumari. Hadi Novemba 2021, msichana aliyepata ujauzito akiwa katika shule ya serikali Tanzania alifukuzwa na hakuwa na njia ya kurudi darasani katika mfumo rasmi. Wengine walibakwa, wengine walidanganywa, wote walikuwa watoto. Tukio moja lilimaliza shule ya mtoto mmoja, huku mwanamume aliyehusika mara nyingi akiendelea na maisha yake. Serikali ilipotangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi, wapo waliosema tunahalalisha uzinzi. Hakuna kilichohalalishwa. Bei ilishushwa, na wasichana waliokuwa wamehukumiwa kifungo cha maisha nje ya darasa wakapata nafasi ya kuvaa sare tena. Katika sera za elimu za miaka ya karibuni sijui uamuzi uliogusa maisha kwa kina kama huo, na haukuhitaji maabara hata moja.

Watasema: ukiwaambia watoto kwamba bahati ina nguvu kiasi hiki, watabweteka. Sijaona hivyo. Anayebweteka zaidi ni yule aliyeahidiwa kwamba akifuata ramani atafika, akaifuata, halafu ramani ikaishia kwenye mto usio na daraja. Huyo ndiye anayejilaumu hadi anakata tamaa. Kijana anayejua kwamba njia itapinda hujiandaa kwa namna tofauti: anajifunza kuandika vizuri, kuhesabu vizuri, kuongea na wageni, kutunza ahadi, kushika zana, maana hivyo havimwachi popote atakapotupwa. Barua ya Maathai ilipokataliwa, kilichobaki mikononi mwake ni ufundi wa kuandaa tishu. Mtoto wa mkondo wa amali ambaye atafundishwa kuchomelea bila hisabati ya maana, au wa STEM atakayenyimwa lugha na historia kwa sababu si mkondo wake, atakuwa ameandaliwa kwa ajili ya kazi moja ambayo huenda isiwepo.

Kwa hiyo wizara zote mbili zipimwe kwa mambo yanayoonekana. Shule ya mkondo mmoja katika wilaya ambayo haina shule ya mkondo mwingine ni gereza, hata kama karatasini uhamisho unaruhusiwa, kwa sababu mzazi hana nauli wala ada ya bweni la mkoa wa jirani. Masomo ya msingi lazima yabaki mazito katika kila mkondo kiasi kwamba anayehama ana pa kuanzia. Kuwe na kozi fupi ya kuziba pengo, wakati wa likizo, inayolipiwa na serikali, kwa anayetoka amali kwenda jumla au anayetoka sanaa kwenda sayansi, na anayetoka sayansi kwenda useremala aheshimiwe vilevile. Ukomo wa miaka katika mikopo uondolewe kwa anayethibitisha kwamba aliuguza, aliugua, alizaa au alifanya kazi kulisha familia. Vituo vya watahiniwa wa kujitegemea vipewe haki ya kutumia maabara za shule za serikali siku za Jumamosi. Na kila mwaka wizara itangaze ni wanafunzi wangapi waliomba kuhama mkondo, wangapi walihamishwa, na iliwachukua muda gani, kama inavyotangaza ufaulu. Mzazi wa Kitui au Kahama anayeuliza leo, "Na mwanangu akibadilika, itakuwaje?" ajibiwe kwa waraka wenye utaratibu, tarehe na ada, ubandikwe ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu pale pale zinapobandikwa ratiba za mitihani.